"Kwako wewe kuna tofauti gani?": uzoefu wangu katika mapango na ngome za Dordogne

Nilidhani nikisubiri kidogo hasira itapoa kabla sijaandika haya, lakini majuma yamepita na bado inanipanda kila ninapokumbuka sentensi moja fupi niliyoambiwa katika maegesho ya magari huko Montignac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kampuni iliyotutembeza sitaitaja. Nitaeleza tu ilivyotutendea, na anayepanga safari ya huko ataamua mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa historia, na nimekulia Kondoa, katikati ya Tanzania, si mbali na kijiji cha Kolo. Michoro ya miambani kwangu si jambo la kusoma vitabuni tu. Nikiwa mtoto babu alinipeleka kuona watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, na twiga, na swala, akanionya nisiguse kitu na nisipaze sauti, kwa sababu hadi leo wapo wazee wanaokwenda Mungomi wa Kolo, moja ya miamba hiyo yenye michoro, kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili michoro hiyo mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo mdogo wangu anayeishi Bordeaux aliponiambia, "Dada, ukija safari hii nitakupeleka kwenye mapango," sikulala usiku ule. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto kuhusu binadamu wa Cro-Magnon, watu wa kale wa Ulaya waliofanana na sisi, na sasa ningefika Les Eyzies, kijiji ambako mifupa yake ilipatikana mwaka 1868.

Tulichagua safari ya siku mbili kwa basi dogo kwa sababu moja tu: katika maelezo yao waliandika kwa jina kwamba tutaingia pango la Font-de-Gaume, huko Les Eyzies. Kila mwalimu wa somo langu anajua kwamba pango la Lascaux, lililogunduliwa na vijana wanne mwezi Septemba 1940, lilifungwa kwa wageni mwaka 1963, baada ya pumzi za watu zaidi ya elfu moja kwa siku kuotesha ukungu wa kijani ukutani na kufunika rangi kwa utando mweupe wa chokaa. Font-de-Gaume bado ni wazi. Wanaingia watu wachache sana kwa siku, katika vikundi vidogo, na ni miongoni mwa mapango machache mno yenye michoro ya rangi zaidi ya moja ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiona yenyewe, si nakala. Tulilipa miezi kadhaa kabla, na bei haikuwa ndogo kwa mshahara wa mwalimu.

Nitasema haki: asubuhi ya siku ya kwanza ilikuwa njema. Tulipanda ngome ya Castelnaud, na kutoka juu ukaonekana mto Dordogne ukipinda chini yetu, na ng'ambo yake, juu ya jabali, ngome ya Beynac. Mwongozaji wetu, ambaye ndiye aliyekuwa dereva pia, alieleza vizuri sana jinsi ngome hizo mbili zilivyotazamana kwa uadui wakati wa Vita vya Miaka Mia, Beynac ikiwa upande wa mfalme wa Ufaransa na Castelnaud ikishikwa kwa muda mrefu na Waingereza, hadi vita vilipokwisha mwaka 1453 baada ya mapigano ya Castillon, chini zaidi kando ya mto huohuo. Nilimuuliza maswali mengi na yote aliyajibu. Nilimwamini, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma zaidi.

Mchana tulipita mashamba ya mahindi na vijiji vya mawe ya rangi ya asali, nikaona kibao cha Les Eyzies kinaonyesha upande mmoja na sisi tunakwenda upande mwingine. Nilinyamaza. Tulipofika kwenye maegesho makubwa, akazima injini, akageuka na kugawa tiketi za Lascaux IV, jengo lililofunguliwa mwaka 2016 chini ya kilima chenye pango la asili, ambamo ndani yake pango hilo limenakiliwa. Nikamuuliza, kwa adabu, tutaingia Font-de-Gaume saa ngapi. Akasema nafasi hazikupatikana. Nikamuuliza kwa nini hatukuambiwa. Hapo akanitazama, mimi peke yangu kati ya abiria wanane, akasema kwa Kiingereza: "Madame, ni michoro ileile. Kwako wewe kuna tofauti gani?"

Kwako wewe. Mdogo wangu alinishika mkono na kuninong'oneza, "Dada, tuache, tutayazungumza jioni." Nikanyamaza tena. Lakini niliitazama tiketi niliyopewa, na pembeni, kwa herufi ndogo, ilikuwa imechapwa tarehe ya kununuliwa. Ilikuwa imenunuliwa wiki kadhaa kabla. Walijua siku zote hizo kwamba hatuendi Font-de-Gaume, wakaona ni heri tukaambiwe kwenye maegesho, wakati hatuna pengine pa kwenda.

Niliingia Lascaux IV nikiwa nimekwisha kuamua kwamba sitafurahi. Ndani ni giza na baridi kama pango, mwongozaji wa pale ni binti mpole mwenye sauti ya chini, na alipoinua taa juu ya Ukumbi wa Mafahali, nilimwona fahali mweusi mwenye urefu unaozidi mita 5, na farasi wenye matumbo ya mviringo wakikimbia chini yake, nikashindwa kuendelea kununa. Kazi ya walionakili ni ya heshima kubwa. Wamefuata kila uvimbe wa mwamba, na rangi ni za madini kama zile walizotumia wachoraji wenyewe. Natamani wanafunzi wangu wapaone. Tena nakala ile ndiyo inayoliacha pango la asili lipumue, kwa hiyo sina ugomvi nayo hata kidogo. Kama ningeambiwa mapema kwamba naenda kuona nakala, pengine leo ningekuwa naandika shukrani tupu.

Siku ya pili ilitupeleka kasri la Milandes, na hapo pia nitasema haki, kwa sababu bila basi lile tusingefika kirahisi. Hilo ndilo kasri la Josephine Baker, Mmarekani mweusi aliyekuja Ufaransa kucheza dansi, akawasaidia wapigania ukombozi wa Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akanunua kasri hilo mwaka 1947 na kulea humo watoto 12 aliowachukua kutoka nchi mbalimbali. Ziko nguo zake za jukwaani na ziko medali zake. Kilichonisimamisha ni picha moja ya mwaka 1969, siku alizofukuzwa kwa ajili ya madeni: ameketi nje kwenye ngazi za mlango wa jikoni, miguu mitupu, kofia ya kulalia kichwani, na vitu vichache karibu naye. Mwaka 2021, alipoingizwa katika Panthéon, jengo la Paris wanamoenziwa mashujaa wa Ufaransa, jeneza lake lilibeba udongo, na sehemu ya udongo huo ulitoka Milandes, palepale alipofukuzwa. Nilisimama mbele ya picha hiyo hadi mwongozaji wetu akapiga makofi mlangoni mara mbili kutuita, kwa sababu ratiba ilibakiza muda wa kuonja mvinyo. Mimi sinywi mvinyo. Nilikuwa nimeanza kumsamehe, lakini makofi yale yaliyarudisha yote.

Usiku ule mjini Sarlat, mbele ya sahani ya mguu wa bata uliopikwa polepole katika mafuta yake mwenyewe (nao ulikuwa mtamu, sitaki kukidhulumu chakula cha watu), mdogo wangu alifungua simu na kuanza kutafuta. Kabla ya kulala akapata nafasi mbili za Font-de-Gaume zilizoachwa na watu walioghairi. Nafasi mbili, kwa simu, akiwa mezani. Kampuni nzima, yenye ofisi na miezi kadhaa mkononi, ilituambia hazipatikani.

Asubuhi tulichukua teksi. Unapanda njia nyembamba kando ya jabali, unaacha mkoba nje, na ndani ukuta uko karibu kiasi kwamba unabana mabega ili usiuguse. Mama aliyetuongoza alitueleza kwamba michoro hiyo ilitambuliwa mwaka 1901 na Denis Peyrony, mwalimu wa shule wa hapo Les Eyzies. Mwalimu wa shule! Kisha akazima taa, akawasha tochi moja na kuipitisha taratibu kutoka ubavuni. Mwamba uliokuwa umevimba ukageuka bega la nyati, ufa ukawa mgongo, na rangi nyekundu na nyeusi iliyofifia ikaanza kujaa nyama. Mbele zaidi kuna kulungu wawili wa nchi za baridi, mmoja amepiga magoti, mwenzake amemwinamia na kumlamba kipaji cha uso, na ulimi ule ni mstari uliochongwa, mwembamba, ambao hauonekani mpaka taa ifike mahali pake hasa. Nililia, na yule mama aliniona, akasubiri bila kusema neno kabla ya kuendelea. Akaniuliza ninatoka wapi. Nilipomtajia Kondoa aliniomba nimweleze michoro yetu, tukasimama njiani baada ya ziara, mdogo wangu akitafsiri, kwa muda mrefu kuliko ziara yenyewe.

Basi nisemeje? Nilikusudia kuandika kwamba msiende na kampuni yoyote, lakini asiye na ndugu huku wala gari atazifikiaje ngome zile? Nilikusudia pia kumpa mwongozaji yule alama kwa maelezo yake ya Castelnaud, na nilikuwa nimeshaziandika. Nimezifuta. Mtu anayejua historia kiasi kile anajua vizuri sana tofauti iliyopo kati ya pango na nakala yake, na hakuniuliza kwa sababu hajui. Bonde la mto Vézère, lenye mapango hayo, nalipa alama zote, na nitarudi Mungu akipenda.

Tumewaandikia kudai fedha za Font-de-Gaume, tukaambatanisha picha ya tiketi yenye tarehe. Wamejibu kwamba thamani ya ziara ilikuwa sawa, na kwamba wako tayari kutupunguzia bei katika safari yao ya mashamba ya mizabibu. Mdogo wangu ameandika barua ya pili kwa Kifaransa, na safari hii nimemwomba aiweke sentensi ile juu kabisa, neno kwa neno, kama ilivyosemwa.