Jina la kikoa kwa biashara ndogo: lipi kwanza, lipi mwisho

Kompyuta haiitafuti tovuti yako kwa jina. Huitafuta kwa nambari, kwa kawaida nne zenye nukta katikati, kila moja kati ya 0 na 255. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti inayoandikwa kwenye kivinjari, kazi yake ni kuelekeza kwenye nambari hizo. Halinunuliwi likawa lako milele: unalilipia kwa mwaka, na ukiacha kulipa mtu mwingine anaweza kulichukua.

Kwa duka la vipuri Nakuru au saluni Kakamega, mwisho wa jina wa kufikiria kwanza ni .co.ke. Mteja akiliona anajua hii ni biashara ya Kenya, na majina mengi yaliyokwisha kwenye .com bado yanapatikana huku. Msimamizi wake ni KeNIC, ila malipo unafanya kwa msajili aliyeidhinishwa (kampuni inayouza majina), mara nyingi kwa M-Pesa.

La pili ni .com. Hilo linafaa nyumba ya wageni ya Dunga, Kisumu, inayotegemea watalii wa ng'ambo. Ukiweza, chukua yote mawili.

La tatu ni .ke tupu, iliyofunguliwa kwa umma 2017. Ni fupi na nzuri, lakini mara nyingi ni ghali zaidi, na watu wamezoea kuandika “co” hata pasipokuwa nayo. Shule ziende .sc.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke.

Za mwisho ni zile za bei ya chambo, kama .xyz. Uliza bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa wa kwanza. Za bure usiziguse: Freenom, iliyogawa .tk bila malipo, ilisimamisha usajili mpya 2023.

Kuliko mwisho wa jina, angalia limesajiliwa kwa nani. Fundi wa tovuti akitumia baruapepe yake, vikumbusho vya malipo yatamfikia yeye. Akihama au mkikosana, jina linakwisha muda na tovuti inazimika pamoja na baruapepe za ofisi. Dai akaunti ya msajili iwe kwa baruapepe na simu yako. Kwa .com, thibitisha baruapepe ndani ya siku 15, la sivyo jina husimamishwa. Usitumie baruapepe ya kikoa hichohicho: kikizimika, hutapata hata ujumbe wa kukirejesha.

Jaribu kumtajia mtu jina kwa simu kabla ya kulipa. Ukilazimika kulitaja herufi kwa herufi, tafuta lingine. Vistari epuka.

Ukihamia seva nyingine (kompyuta inayohifadhi tovuti), nakili kwanza rekodi zote za DNS, mfumo unaounganisha majina na nambari. A huelekeza tovuti, MX huelekeza barua. Wengi huhamisha A, husahau MX, tovuti ikafunguka vizuri huku oda za wateja zikigonga mwamba. Mabadiliko yaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea, kwa hiyo hama Ijumaa jioni, na seva ya zamani usiifunge kabla ya Jumatatu.