TAHADHARI: Bwawa la familia kwa nusu bei, na wizi unaofukiwa chini ya udongo

Wazazi mnaopanga kuweka bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, someni hapa kabla hamjatoa malipo ya awali kwa yeyote.

Tapeli wa mabwawa huja na maneno yaleyale. Kampuni inatafuta nyumba chache za mfano katika eneo lenu. Mkikubali bwawa lenu lipigwe picha na wateja wengine waletwe kulitazama, mtajengewa kwa nusu bei. Sharti ni kwamba mkataba usainiwe leo na nusu ya fedha ilipwe kesho, kwa kuwa nafasi zimebaki mbili. Changa hili la macho ni la zamani sana katika biashara hii, na linaendelea kunasa watu kwa sababu mteja anajiona amebahatika. Nyumba ya mfano haipo. Jirani yako ameambiwa hivyohivyo. Na hiyo mnayoitiwa nusu bei ndiyo bei kamili ya kazi mbovu.

Bwawa ni mali rahisi kuibiwa kuliko nyumba. Nyumba unaizunguka, unagonga ukuta, unapanda juu ya paa. Katika bwawa la kuchimbiwa, karibu kila kitu cha thamani hufunikwa ndani ya wiki chache: nondo zinamezwa na zege, zege linafunikwa na plasta na vigae, mabomba yanafukiwa. Mteja anabaki na maji ya buluu na taa. Kwa hiyo kila tunachokieleza hapa kinahusu kitu cha kukaguliwa kabla hakijafunikwa. Baada ya hapo utahitaji nyundo ya kuvunjia.

Anza na hesabu, maana tapeli anachukia mteja mwenye hesabu. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha mita 1.1 upande wa watoto na 1.7 upande wa wakubwa. Kina cha wastani ni mita 1.4, kwa hiyo maji ni meta za ujazo 45 hivi, yaani lita 45,000. Muuzaji asiye mwaminifu atazidisha kwa kina cha juu, 1.7, apate zaidi ya 54, kisha akuuzie dawa na chumvi za maji ambayo hayapo.

Sasa zege. Sakafu ni meta za mraba 32, kuta ni 34 hivi, jumla 66. Kwa unene wa sentimita 15 unahitaji meta za ujazo 10 za zege. Akipunguza unene hadi sentimita 10, ameshaiba zaidi ya meta 3 za ujazo, na huwezi kuliona hilo kwa macho baada ya plasta. Utaligundua kwa nyufa. Zege la bwawa huchukua takriban kilo 350 za saruji kwa kila meta ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50, hivyo hapo tunazungumzia mifuko 70 bila kuhesabu plasta. Mwambie mtu wa nyumbani ahesabu mifuko inayoshushwa na mifuko mitupu inayobaki. Ikiwa imeshushwa 45, simamisha kazi uulize.

Nondo nazo zina ujanja wake. Mkataba unasema milimita 12, zinaletwa za 10, au zinaletwa zilizoandikwa 12 ambazo ni nyembamba. Kata kipande cha mita 1 ukipime kwenye mizani: ya milimita 12 ina uzito wa gramu 890 hivi, ya milimita 10 ina gramu 620 hivi. Zikisukwa kwa nafasi ya sentimita 20 pande zote mbili, bwawa hilo linataka kama mita 730 pamoja na mapishano, yaani nondo 61 hivi za urefu wa mita 12. Halafu angalia zimelala wapi. Zinatakiwa zinyanyuliwe kwa vipande vya zege, vile mafundi wanavyoviita biskuti, ili upande wa udongo zibaki na sentimita 5 za zege la kuzifunika. Nondo iliyolazwa juu ya udongo itashika kutu, itavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Fundi anayetaka kupaka plasta wiki moja baada ya kumwaga zege anakimbilia fedha ya hatua inayofuata. Zege limwagiliwe angalau siku 7, na plasta isubiri siku 28. Kabla ya hapo zege bado linasinyaa, na plasta itafuata kwa kupasuka vipandevipande kama tope lililokauka.

Mabomba ndiyo sehemu ambayo tunasihi msilegeze hata kidogo. Bomba la bwawa ni la PVC la presha, lililoandikwa PN10 (yaani linastahimili presha ya bar 10) au zaidi ubavuni mwake, la milimita 50 au 63. Anayekuibia hutumia bomba jepesi la maji taka, ambalo kwa nje, likiwa mtaroni, mteja asiyesoma maandishi hayo hawezi kulitofautisha. Dai kipimo: miisho yote izibwe, mabomba yajazwe maji hadi presha ya bar 2, geji ya kupimia presha ifungwe, na iachwe saa 24 bila kushuka. Geji hiyo ibaki palepale wakati zege linamwagwa na udongo unarudishwa. Mtu akitoboa bomba kwa sururu, sindano itaanguka mbele ya macho ya wote, na kurekebisha ni kazi ya saa moja. Muuzaji anayesema kipimo hicho hakina haja anakuambia jambo muhimu kuhusu mabomba yake.

Wanaouza beseni la faibaglasi wana uongo mwingine: kwamba linafungwa siku tatu na halina matatizo. Beseni zuri lipo na hudumu miaka mingi. Tatizo ni kulifukia. Maji yanajazwa ndani na kokoto safi zinarudishwa nje kwa pamoja, tofauti ya kimo isizidi sentimita 30 wakati wowote. Fundi mwenye haraka hurudisha udongo uleule uliochimbwa, mara nyingi mfinyanzi, na anaurudisha beseni likiwa tupu. Kuta zinabonyea kuelekea ndani na hazirudi. Uliza pia tabaka la kwanza nyuma ya rangi ya juu limetengenezwa kwa resini gani, yaani ile gundi inayoshikanisha nyuzi za faibaglasi. Vinilesta huzuia maji kupenya, ilhali poliesta ya kawaida peke yake huruhusu maji kuingia taratibu hadi uso unatoka malengelenge. Na usiridhike na “waranti ya miaka 25” mpaka umeisoma. Kwa kawaida inahusu kupasuka kwa beseni tu, haigusi rangi, mabomba, pampu wala udongo uliotitia, na inatolewa na kampuni ambayo wakati mwingine haijatimiza hata mwaka mmoja.

Kwenye laina, yaani turubai la plastiki linalotandikwa ndani ya bwawa, dai unene kwa milimita. Laina ya kawaida yenye heshima ni milimita 0.75, iliyoimarishwa kwa nyuzi ni 1.5. Wanaokuuzia ya 0.5 hupenda kutaja unene kwa “geji” fulani, neno ambalo kila muuzaji hulipatia maana yake mwenyewe.

Pampu kubwa ni chambo. “Tunakupa ya nguvu farasi 2 bure!” Kwa bwawa la meta za ujazo 45, maji yote yanatakiwa kupita kwenye chujio kila saa 6 hadi 8, kwa hiyo inatosha pampu ya meta za ujazo 6 hadi 8 kwa saa. Namba hiyo isomwe kwenye mchoro wa utendaji wa pampu katika kimo cha mita 8 hadi 10, yaani pampu ikiwa inapambana na ukinzani wa mabomba na chujio, maana ile kubwa iliyoandikwa kwenye boksi hupatikana pampu ikiwa haisukumi chochote. Chujio la mchanga la kipenyo cha milimita 500 linaendana na mtiririko huo. Mlaghai hukupa pampu inayosukuma meta za ujazo 15 kwa saa na chujio dogo la milimita 400. Maji yanapita kwa kasi kuliko mchanga unavyoweza kushika uchafu, mchanga wenyewe unachomoka na kurudi bwawani, maji hayang'ai, na yeye huyohuyo anarudi kukuuzia dawa ya kung'arisha. Umeme unalipa wewe.

Sasa linalotuuma zaidi. Kuna wauzaji wanaopunguza gharama kwa kuweka tundu moja tu la kunyonya maji sakafuni, lenye kifuniko bapa. Mtoto akilikalia au nywele zake zikinaswa, mvuto wa pampu unaweza kumshikilia chini hata mtu mzima ashindwe kumvuta. Mwaka 2002 nchini Marekani msichana wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alikufa hivyo katika beseni la maji moto, na sheria ya mwaka 2007 iliyobeba jina lake ikalazimisha vifuniko salama kwenye mabwawa ya umma. Bwawa la nyumbani halistahili pungufu. Yawe matundu mawili yaliyoachana angalau sentimita 90, yameunganishwa kwenye bomba moja bila valvu katikati, kila moja na kifuniko kilichobinuka, kilichofungwa kwa skrubu, na kilichoandikwa kiwango chake cha mtiririko. Taa za majini ziwe za volti 12 kupitia transfoma, na saketi yote ikingwe na swichi inayokata umeme unapovuja miliampia 30. Mtu akikuambia taa ya umeme wa kawaida “ina mwanga mzuri zaidi”, mfukuze.

Uzio pia huondolewa kwenye bei ili ionekane ndogo, kisha mteja anauziwa kengele ya majini kama mbadala. Kengele hulia mtoto akiwa tayari ameingia majini. Uzio uwe wa mita 1.2 au zaidi, nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita 10, na lango lijifunge lenyewe na kufunguka kuelekea nje. Kama uzio haumo kwenye makadirio, makadirio hayajakamilika.

Mabwawa ya kusimamishwa juu ya ardhi yana matapeli wake, na hao wako mtandaoni. Picha inaonyesha watu sita wakicheza, ghala “linafungwa”, bei imeshushwa sana. Ama haufiki mzigo wowote, ama kinafika kibeseni cha kupuliziwa hewa. Pitisha picha kwenye utafutaji wa picha. Mara nyingi utaikuta kwa wauzaji kumi wenye majina tofauti. Soma vipimo: mita 3.05 kwa 1.83 kwenye bwawa la kupuliza ni vipimo vya nje, na kuta zenye hewa zinakula kama sentimita 25 kila upande, hivyo ndani unabaki na 2.55 kwa 1.33. Anayetaka fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi au kwa sarafu za kidijitali hataki fedha hiyo iweze kurudi. Na anayekushauri uliweke kwenye roshani hajali maisha yenu: maji ya kina cha mita 1.2 ni kilo 1,200 juu ya kila meta moja ya mraba.

Neno fupi kuhusu “bwawa lisilo na klorini”. Mashine ya chumvi hutengeneza klorini kutokana na chumvi hiyo. Ndiyo kazi yake. Ni kifaa kizuri, lakini bado unapima klorini, ibaki miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe 7.2 hadi 7.6. Kwa bwawa letu la mfano chumvi ni kilo 160 hivi. Anayekuuzia sumaku ya kufunga kwenye bomba ili uache dawa kabisa anawaweka watoto wako kwenye maji yenye vijidudu.

Malipo yafuate kazi iliyoonekana. Malipo ya awali yasizidi asilimia 10. Baada ya hapo lipa kwa hatua: shimo likikamilika, nondo zikikaguliwa, mabomba yakishika presha, zege likimwagwa, mashine zikifungwa; na asilimia 10 ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi bwawa lijazwe na kupimwa uvujaji. Kipimo ni ndoo: ijaze maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa ili maji ya ndani na nje yalingane, weka alama pande zote mbili, subiri saa 24. Maji ya bwawa yakishuka sawa na ya ndoo, ni jua na upepo tu. Yakishuka zaidi, linavuja. Na kwa bwawa la mita 8 kwa 4 kila sentimita 1 ni lita 320. Piga picha kila hatua, rula ikionekana kwenye picha.

Kwa wale ambao tayari wameshanaswa: acheni kulipa, tunzeni mkataba, risiti na ujumbe wote wa simu, na tafuteni mhandisi asiye na uhusiano na muuzaji aandike alichokiona. Na tafadhali, fundi aliyewaharibia akiwaambia mtoe maji yote ili akague, msikubali bila kujua maji ya ardhini yako kina gani. Bwawa tupu kwenye udongo uliolowa huelea kama mtumbwi. Linanyanyuka, linavunja mabomba, halafu yeye anaandika kwamba mliharibu wenyewe kwa kulikausha. Kama ni lazima kukausha, iwe kiangazi, valvu ya kupunguza mgandamizo wa maji ya chini ikiwa wazi, na agizo hilo liwe kwa maandishi yenye saini yake.