Huduma ya Kufundisha Mtandaoni kwa Mwalimu Anayesubiri Mkataba

Nimeitumia huduma hii kwa miezi 3, tangu mkataba wangu wa muda ulipokwisha hadi nilipoitwa kushika nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi, na kwa mwalimu aliye katika hali kama hiyo naiona inafaa, mradi asiitegemee kulipia kodi ya nyumba mwezi wa kwanza. Wanafunzi hawaji haraka: nilikaa wiki 2 bila ombi hata moja, kisha mzazi mmoja aliyeridhika na somo la hesabu za sehemu akawaleta wengine watatu. Ubao wa kuandikia ni mzuri mno; mtoto huandika 1/2 + 1/3 = 2/5, nami huliona kosa likizaliwa mbele ya macho yangu, jambo ambalo katika darasa lililojaa hunipita. Kinachoniudhi ni malipo. Saa moja ya somo hudai karibu saa nyingine ya maandalizi isiyolipwa, kamisheni hukatwa kabla fedha hazijanifikia, na mwanafunzi asipotokea bila taarifa, mwalimu hapati chochote. Kanuni hiyo ya mwisho inapaswa kubadilishwa.