Bryan Cranston akiyasoma maisha yake mwenyewe

Nimemaliza kusikiliza toleo la sauti la A Life in Parts, kumbukumbu alizochapisha mwigizaji wa Marekani Bryan Cranston mwaka 2016, na kwa maoni yangu anayesita kati ya kusoma na kusikiliza achague kusikiliza, kwa kuwa msomaji ni Cranston mwenyewe. Sura ni fupi, na kila moja imepewa jina la nafasi aliyowahi kuishika maishani, kwenye kamera au nje yake.

Zilizonigusa zaidi ni zile za kabla ya umaarufu: baba, naye mwigizaji, anaiacha familia, mtoto anajifunza kuchinja kuku shambani kwa babu na bibi, kisha kijana anazunguka nchi kwa pikipiki pamoja na kaka yake, mpaka mvua inawazuia njiani, naye anasoma tamthilia ya jukwaani ya Ibsen, mwandishi wa Norwe, na kuamua kuwa mwigizaji. (Nilirudia sehemu hiyo mara mbili.)

Sura za baadaye, mafanikio yalipokwisha kuja, hazina uzito ule. Hata hivyo, maelezo yake kuhusu Breaking Bad, tamthilia ya televisheni ya 2008 hadi 2013 iliyompa tuzo nne za Emmy (tuzo za televisheni za Marekani) za mwigizaji mkuu, yana thamani kubwa, hasa anaposimulia jinsi alivyouona uso wa binti yake katika onyesho la kifo cha msichana. Onyesho hilo ndilo linalofungua kitabu, kwa hiyo ambaye hajaitazama tamthilia hiyo na aanze nayo kwanza.