Riale ya Bibi na yule bwana wa kitambaa cha njano

Nina hasira, nasema mapema. Kama kuna aliyekushaurini mpeleke sarafu zenu kwenye duka lile la London linalozipokea na kuzituma Marekani zikapangiwe daraja (jina nalimeza, wenye kulijua mtalijua), ngojeni kwanza nimalize.

Nilipeleka riale tatu za Maria Theresa, zile sarafu za fedha zenye sura ya mtawala wa kale wa Austria. Mzanzibari mwenye bibi wa makamo ya kale anazijua: upande mmoja jimama la kifua na shela, upande wa pili tai wa vichwa viwili, na mwaka 1780. Zote ni 1780, hata zilizopigwa juzi. Malkia mwenyewe alifariki Novemba ya mwaka huo, na Waustria wakaendelea kumpiga yuleyule kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni na Uhabeshi hawakutaka sura nyingine. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakihesabu lulu za bruchi iliyo begani. Zisipotimia tisa, chukua mzigo wako nenda zako. Baadaye Roma wakapiga, London wakapiga, Birmingham, Bombay, kila mtu na 1780 yake. Ndiyo maana mtu kama mimi hupeleka kwa wajuzi. Macho yangu hayatoshi.

Mbili nilizinunua sokoni Matrah, Maskati. Hizo hata zingepotea ningelia siku moja tu. Ya tatu ni ya Bibi, ilikaa kwenye kijaluba chake pamoja na karafuu na kipande cha udi, na ilikuwa imeshika rangi ya moshi, kijivu kinachoelekea buluu pembeni mwa nywele. Wakusanyaji wanailipia rangi hiyo. Mimi nilikuwa naipenda bila ya kulipwa.

Sasa sikilizeni. Nimesimama kaunta, nimemwambia yule bwana kwa adabu zangu zote: "Hii ni ya bibi yangu, tafadhali ishike ukingoni tu." Akaitikia kwa kichwa. Akaishika ukingoni, vizuri kabisa, vidole viwili. Kisha mkono wa pili ukaingia chini ya kaunta ukatoka na kitambaa cha njano, vile vya kung'arishia vijiko, akakipitisha shavuni kwa malkia mara mbili. Shwaa, shwaa. Kama mtu anayefuta miwani yake.

"Sasa inasomeka," akasema.

Nilibaki mdomo wazi. Nilipopata sauti nikamuuliza anafanya nini. "Ni vumbi tu, bwana. Hii ndiyo kazi yangu." Vumbi! Na kitambaa kilikuwa kimepiga weusi, nikakiona kwa macho yangu, weusi wa kijaluba cha Bibi umehamia kwake. Ukingoni mwa riale pameandikwa kwa Kilatini: haki na huruma. Alikuwa ameyakamata maneno yote mawili kwa vidole vyake na halikumwingia hata moja.

Kwa nini sikuzichukua nikaondoka? Sijui. Nilikuwa nimeshalipa, na nyuma yangu kuna foleni. Nikaziacha.

Miezi ikapita, zikarudi ndani ya vile visanduku vya plastiki visivyofunguka. Kipimo chao kinaanzia 1 mpaka 70, na kuanzia 60 maana yake sarafu haijapita mikononi mwa watu. Za Matrah zikapata 62 na 58. Ya Bibi haikupewa namba. Imeandikwa tu kuwa ina sifa za daraja zuri, lakini imesafishwa. Wenye fani wanajua neno hilo linavyouma, ni sawa na kuambiwa mtoto kafaulu ila cheti hapewi.

Niliwaandikia wale wa dukani barua pepe tatu usiku mmoja. Ya tatu sitaki hata kuisoma tena. Wakanijibu kwamba alama za kusafishwa ni za zamani. Nikacheka kwa hasira, nikatoa lenzi yangu nikaiweka riale chini ya taa nikiizungusha, nitafute ushahidi.

Nikaupata, lakini si niliokuwa nautaka. Mikwaruzo ilikuwepo, myembamba kama nywele, ila haikwenda mstari kama alivyopitisha yule bwana. Ilizunguka. Ilizunguka shavu, ikaingia mpaka kwenye mikunjo ya shela ambako kitambaa hakifiki. Nikampigia Mama Unguja. Akanijibu bila kufikiri: "Si Bibi yako huyo? Kila kuamkia Idd alikuwa akizisugua kwa majivu na ukwaju, anazungusha kwa kidole gumba. Alipokufa ndiyo zikaachwa zikafanya weusi."

Basi hapo nikawa mdogo. Wale wa Marekani nawavulia kofia, waliliona chini ya rangi ya moshi jambo ambalo mimi sikuliona kwa miaka yote niliyokuwa nayo. Nyota moja niliyokuwa nimewapa katika maoni haya nikaifanya tatu. Hata nikaona ni uungwana nipige simu dukani, niseme kidogo samahani kwa ile barua ya tatu.

Akapokea yeye mwenyewe. Nikamweleza. Akasema: "Si nilikwambia ni vumbi tu?"

Nyota moja. Moja! Na hiyo ni ya wale wa Marekani, yeye hana hata kipande. Rangi ile ilichukua miaka yote tangu Bibi afariki, akaimaliza kwa shwaa mbili, halafu ananiambia vumbi. Lakini mkiwa na sarafu za kutuma zitumeni tu, kazi ya kule wanaijua; ila zipelekeni wenyewe kwa posta msipite kwenye kaunta ile, au mkipita, mwambieni aoneshe mikono yote miwili.

Jana Mama kapiga tena. Anataka kujua kile kisanduku kinavunjwaje, maana Idd imekaribia na ukwaju ameshanunua.