Usiku mmoja kwa wawili katika mji wa kale wa pwani: Bagamoyo, Pangani, Kilwa au Mikindani?

Ukitoka Dar es Salaam na mwenzako Jumamosi asubuhi, na Jumatatu mnatakiwa kazini, mna saa kama 34 tu. Humo mna usingizi, mna milo, mna na barabara. Ndiyo maana miji hii haikupangwa hapa kwa uzuri wa magofu, maana kwa hilo Kilwa ingeongoza bila mpinzani. Imepangwa kwa saa zinazobaki baada ya safari na fedha inayobaki baada ya nauli. Kwa usiku mmoja, kinachomaliza pesa mara nyingi si chumba, ni kufika.

1. Bagamoyo

Ni kilomita kama 70 kaskazini mwa Dar, lami mwanzo hadi mwisho. Magari ya abiria yanapatikana stendi ya Makumbusho. Mwenye gari lake aondoke kabla ya saa moja asubuhi. Akichelewa, foleni za Tegeta na Bunju zitamla muda. Kurudi Jumapili, toka kabla ya saa tisa alasiri au subiri hadi baada ya chakula cha jioni. Katikati ya hapo mtarudi kwenye foleni na kila aliyekwenda ufukweni siku hiyo.

Mji Mkongwe unatembeleka kwa miguu: Boma la Wajerumani, Ngome Kongwe, Caravanserai walikopumzikia wapagazi wa misafara ya bara, na nyumba zenye milango ya nakshi. Saa mbili zinatosha. Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ina jumba la makumbusho linalostahili saa nzima. Hapo ndipo Chuma na Susi, watumishi wa mpelelezi David Livingstone, walipoufikisha mwili wake Februari 1874, kabla haujavushwa Zanzibar. Kaole iko kilomita kama tano kusini, mwendo wa bajaji au bodaboda: misikiti iliyobaki kuta, makaburi ya nguzo, na bandari ya zamani ambayo sasa imemezwa na mikoko. Kivuli ni haba, kwa hiyo nendeni asubuhi na mapema au jua likishapunga. Kubalianeni na dereva bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjapanda, kwa sababu Kaole hamtapata usafiri wa kurudi kirahisi.

Viingilio hulipwa kila kituo kivyake, na bei ya raia ni tofauti na ya mgeni. Bila kitambulisho mtabishana mlangoni bure.

Dosari ya Bagamoyo ni bahari yake. Mto Ruvu unamwaga tope lake kaskazini ya mji, hivyo maji si yale ya kwenye picha za Zanzibar, na yakipwa yanakwenda mbali mkabaki mnatazama matope. Dawa ni kuchagua tarehe. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi alasiri na kupwa kwenye saa nne au tano asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: jioni ndipo yanapokuwa yametoka. Mnaotaka kuogelea magharibi ikikaribia, tafuteni Jumamosi inayoangukia tarehe 15 hadi 17 ya mwezi wa Kiislamu. Ni hesabu ya bure, na ajabu ni wachache wanaoifanya kabla ya kulipia chumba cha ufukweni.

Kuhusu malazi ya Bagamoyo, chaguo letu la kwanza ni loji ndogo iliyo karibu na Mji Mkongwe: mnakwenda kila mahali kwa miguu, na mnachookoa kwenye bodaboda kinalipia samaki wa jioni. Hoteli ya ufukweni yenye bwawa inafuata, na inashika nafasi ya kwanza kama tarehe mliyonayo ni ya maji mafu, kwani maji ya bwawa hayapwi. Nyumba za wageni za taasisi za dini huwa safi na tulivu, ila ulizeni mapema kama wanapokea wawili chumba kimoja na geti linafungwa saa ngapi. Gesti za karibu na stendi ni za anayepita njia. Jumamosi usiku muziki wa baa utalala nanyi kitanda kimoja.

Epukeni siku za Tamasha la Sanaa na Utamaduni linaloandaliwa na TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kila mwaka, isipokuwa kama ndilo mlilolifuata. Vyumba hujaa na punguzo halipo.

2. Pangani

Kwa anayeishi Tanga au Muheza, hii ndiyo namba moja. Kutoka Tanga mjini ni kilomita kama 50. Kwa anayetoka Dar kupitia Chalinze na Segera, safari inakula siku, na usiku mmoja hautoshi.

Mji wenyewe ni mdogo na umepoa: majumba ya zamani kando ya mto, minazi, na kivuko kinachokwenda Bweni ng'ambo. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita dhidi ya Wajerumani, aliponyongwa Desemba 1889.

Mtego wake ni huu: hoteli nyingi zinazojitangaza kuwa ziko Pangani ziko Ushongo, kusini ya mto, mbali na mji. Ukifika jioni huku kivuko kimeshasimama, chumba ulichokilipia unakiona kwa mbali tu. Ulizeni kabla ya kulipa: upande gani wa mto, na kivuko cha mwisho ni saa ngapi?

Kisiwa cha Maziwe ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Hapa tena bamvua inawafaa, kwani asubuhi maji yametoka. Bei ya boti ni ya chombo kizima au ya kichwa? Wawili peke yao wakilipia chombo kizima, hiyo safari inaweza kuzidi chumba. Ungeni na wageni wengine.

3. Kilwa

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa havina mfano pwani hii. Lakini Kilwa Masoko, mji wa bara mnapovukia kwenda kisiwani, ni kama kilomita 300 kutoka Dar. Mtafika alasiri, mtahitaji kibali kutoka Masoko kabla ya kuvuka, kisha chombo, kisha kutembea kisiwani. Kwa usiku mmoja mtaona kisiwa mbio mbio, au msikione kabisa kama upepo wa kusi umechachamaa. Wekeni usiku mbili.

Masoko si mji wa kale. Majengo ya zamani ya bara yako Kilwa Kivinje, kaskazini yake.

4. Mikindani

Ni kilomita kama 11 tu kutoka Mtwara mjini, na ni pazuri mno kwa aliyekwisha kuwa Mtwara. Kutoka Dar kwa usiku mmoja, hapana.

Kabla ya kutuma arubuni

Ulizeni kipimo cha kitanda kwa futi. Kwa gesti nyingi "chumba cha wawili" ni 4 kwa 6 au 5 kwa 6. 6 kwa 6 hutajwa waziwazi na huwa na bei yake. Tazameni na chandarua: kilichoshonwa kwa 4 kwa 6 hakifiki chini ya godoro la 6 kwa 6, kinabana, kinagusa mkono uliolala pembeni, na mbu anauma akiwa nje. Ombeni picha ya kitanda chandarua kikiwa kimeshushwa.

Umeme ukikatika, jenereta inawasha kiyoyozi au taa tu? Kama ni taa tu, chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana ni bora kuliko chenye kiyoyozi kipya na dirisha moja. Bei ni ya chumba au ya kila mtu, na kifungua kinywa kimo kwa wote wawili?

Mkilipa kwa Lipa Namba, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilingane na la hoteli. Likitokea jina la mtu binafsi, sitisheni na mpige simu ya mapokezi. Wote wawili mje na vitambulisho, kwani kitabu cha wageni kinajazwa kila mahali.

Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya miji hii hufungwa mchana, ila futari ya jioni ni nzuri na ya bei poa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndipo mtu anapoweza kuomba apunguziwe akasikilizwa. Ombeni kwa simu, siku za katikati ya wiki, na mtaje kuwa ni usiku mmoja tu.