Wiki ya 52 au pointi? Nimekaa na kalenda, kunde na hasira zangu

Mnanisikia? Subirini nigeuze hii maiki, kusi la leo halina huruma. Haya. Asalaam aleikum, hamjambo, karibuni tena barazani kwetu, Shela ya Malindi. Na nyinyi wa Lamu tulieni, Shela yenu tunaijua, lakini hii nayo ni Shela.

Leo sina simu wala blenda mkononi. Kuna mtu kaniuliza, na swali lake limenikaa kooni siku tatu: dada, nikitaka kununua taimusheya, nichukue wiki au nichukue pointi? Nyumba ya zamu, kwa wasiolijua jina. Sitachimba sana hapo, ni nyumba moja ya likizo, wenyewe wengi, kila mmoja na zamu yake, na kila mwaka bili. Hilo la bili lishikeni, tutalirudia. Ukichukua wiki, zamu yako ni wiki ile ile kila mwaka; ukichukua pointi, kila mwaka unapewa pointi kama sarafu, unalipia usiku unaoutaka.

Kabla sijaanza, stendi ya kamera imevunjika mguu, kwa hiyo mkiona picha inainama ni hilo debe nililoegemeza, si nyinyi mnaopepesuka.

Sasa, mimi nina hasira na hili jambo na nitasema kwa nini. Ami yangu, yule mnayemsikia akikohoa nyuma kwenye video zangu, alipika kwa mzee mmoja wa Kitaliano miaka 18. Mzee akazeeka, akarudi kwao, akamwachia Ami zawadi ya wiki ya 52, kila mwaka, nyumba ya vyumba viwili katika hoteli ya pwani hapa hapa mjini. Jina nalimeza. Siku ile mama alipika pilau, majirani wakaja, Ami akawa tajiri wa mtaa. Miezi minne baadaye ikaja bahasha. Ada ya matunzo. Mwaka jana ilikuwa Sh 58,000, na inapanda, sijaiona ikishuka hata siku moja.

Ndiyo nikaelewa kwa nini kule Marekani zamu za mitumba huuzwa mtandaoni hata kwa dola 1. Nyumba inaweza kuwa nzuri tu. Anayeuza anaikimbia bahasha.

Haya, tuje kwenye wiki ya kudumu, na hapa nataka mtazame, msisikilize tu. Nasogeza kamera. Hii ni kalenda ya mwaka 2023, ya duka la mchele, bakuli hilo msilijali. Mkataba wa Ami unasema wiki ya 1 inaanza Jumamosi ya kwanza ya Januari. Mwaka 2023, Januari mosi ilikuwa siku gani? Jumapili, hii hapa. Jumamosi ya kwanza basi ni tarehe 7. Mnaona? Mwaka umeshakula siku sita na wiki ya kwanza bado haijazaliwa. Nimetia alama kwa kalamu nyekundu, twendeni moja kwa moja Desemba. Wiki ya 50, tarehe 16. Wiki ya 51, tarehe 23. Wiki ya 52... tarehe 30! Krismasi iko wapi? Weka kidole. Tarehe 25. Iko tumboni mwa wiki ya 51, na wiki ya 51 ni ya mtu mwingine!

Sisi Krismasi si sikukuu yetu, lakini watu wa bara wakishuka Desemba, Malindi nzima inakula. Kwa hiyo kila mwaka Ami huipangisha wiki yake. Mwaka huo alimpangisha jamaa mmoja wa Nakuru, Sh 84,000, amelipa mapema, watoto wamenunuliwa maboya. Jumapili ya tarehe 24 wakafika na tuktuk mbili, wakabisha mlango, akafungua mama mmoja ameshika mwiko, ndani samaki wanakaangwa. Ami aliitwa pale akiwa na kikoi na ndala, hana la kusema. Akarudisha pesa yote. Nao wakalala hapa kwetu, watoto sita wamejipanga sebuleni kama dagaa, Krismasi yao wakaila kwa mahamri na mbaazi za nazi. Yule mdogo wao mpaka leo akipiga simu haulizi habari, anauliza mbaazi.

Kosa la nani? La Ami, hakufungua kalenda. Na langu mimi mwenye chaneli ya uchambuzi, sikufungua pia.

Mwaka mmoja nyuma, 2022, mambo yalikuwa matamu. Januari mosi yenyewe ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo wiki ya 52 ikaanza Desemba 24, Krismasi ndani kabisa, na siku zikabaki, ikazaliwa wiki ya 53 tarehe 31. Hiyo ya 53 hutokea kila baada ya miaka 5 au 6, na kwa mkataba wetu ni ya hoteli, wewe unaitazama kwa macho. Hesabu yenyewe nimeifanya mara tatu: wiki ya 52 ya namna hii huanza kati ya Desemba 23 na 30, basi. Wanaoiuza wanaiita wiki ya Krismasi. Ni wiki ya mwaka mpya! Krismasi huja kutembea tu.

Lakini nisiwe dhalimu. Ami akifika siku yake, mlango ni ule ule, bomba la jikoni linalovuja ni lile lile, mwembe wa dirishani anaujua kwa tawi. Hajapiga foleni, hajaomba mtu, na hakuna wa kumwambia thamani ya wiki yake imebadilishwa usiku. Siku saba ni siku saba. Nikifika hapo mimi huwa nasema, wiki imeshinda, tufunge virago.

Halafu nakumbuka Idd.

Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa ukutani. Idd el-Fitr ya 2024 ilikuwa Aprili 10, mwaka huu wa 2026 imetupita Machi. Inarudi nyuma kila mwaka, itauzunguka mwaka mzima kwa miaka 33 hivi. Sasa niambieni, nani ataniuzia wiki ya kudumu ya Idd? Haipo. Maulidi ya Lamu vivyo hivyo, ukinunua wiki yake leo, mwaka wa tatu unafika Lamu unakuta punda tu na wenyewe wamelala. Wiki ya kudumu imetengenezewa mtu ambaye furaha yake haihami.

Kwa hiyo pointi. Leteni bakuli. Wifi yangu anaishi Leicester, Uingereza, ana pointi katika klabu moja ya nyumba za zamu, na kanitumia chati yao, lakini tarakimu zao ni kubwa zinachosha, nimezigeuza kunde. Hizi hapa kunde 100, ndizo za mwaka mzima. Usiku wa Jumanne msimu wa mvua, kunde 5. Naziweka hapa. Usiku wa Ijumaa, wiki hiyo hiyo, nyumba hiyo hiyo, kitanda hicho hicho, kunde 9. Ukitaka dirisha linalotazama bahari, ongeza 3. Sasa Desemba... tazameni mkono wangu... usiku mmoja, kunde 20. Siku tano na bakuli limekauka. Kuku wetu kashakuja, shii! Toka! Kunde za likizo hizo.

Uzuri wake ndio huu. Mwaka huu sitaki kwenda, naziweka, mwakani nina 200. Au nina harusi sasa hivi na zimepungua, nakopa za mwakani. Fuliza ya likizo, kama ule mkopo wa M-Pesa. Na kama Fuliza, mwakani unaamka unakuta zimeshakatwa. Na zisipotumika kwa wakati zinakufa kama bando la usiku.

Hapa nilishawishika, nakiri. Nikamwambia wifi, kumbe wewe ndiye mjanja! Mwezi ukiandama mapema unaongeza usiku mmoja, ukichelewa unapunguza. Akacheka kicheko kile cha mtu aliyeumwa na siafu. Akaniambia, wifi, pointi si chumba. Pointi ni nambari ya foleni.

Hiyo sentensi ndiyo iliyonifanya niwashe kamera leo.

Chukua Disney, wale wa katuni. Walipoingia biashara hii mwaka 1991 waliingia na pointi moja kwa moja. Kwao, mwenye pointi za hoteli fulani anaruhusiwa kuibuku miezi 11 kabla, na hoteli nyingine za klabu miezi 7 kabla. Miezi 11! Mimi sijui hata Ijumaa nitapika nini. Vyumba vya Desemba vinachukuliwa na wale wanaokaa macho siku ya kubuku inapofunguka, na wewe uliyechelewa unabaki na kunde zako 100 na chumba cha Februari karibu na jenereta. Unaona Idd yangu inavyokwama? Pointi zinakubali kuhama na mwezi, lakini foleni inataka niwe nimeshapiga hesabu ya mwezi mwaka mzima kabla.

Na kuna hili la chati. Chati inaandikwa na klabu. Leo usiku wa Ijumaa ni kunde 9, mwakani wanaweza kuamka wakasema 11. Disney wamejifunga, wakipandisha usiku mmoja lazima washushe mwingine, jumla ya mwaka ibaki ile ile. Si kila klabu imejifunga hivyo, kwa hiyo hicho ndicho kifungu cha kutafuta kwenye mkataba kabla ya kutazama picha za bwawa.

Yule kaka wa chaneli ya jirani alisema kampuni zinahamia pointi kwa sababu zinampenda mteja. Ati! Marriott, kampuni ya hoteli, waliuza wiki tangu 1984, wakahamia pointi 2010. Mteja kapata uhuru, sikatai. Lakini wiki ukishaiuza umeiuza. Pointi unamuuzia mtu kidogo, halafu kila akija likizo unamwita mezani: mama, hizi hazikutoshi, ongeza. Wifi ameongeza mara mbili. Na ada yake inahesabiwa kwa pointi, kwa hiyo kila alipoongeza, na bahasha ikanenepa.

Meza yenyewe naijua. Mimi na mume wangu tulialikwa hoteli moja, siitaji, kifungua kinywa cha bure na dakika 90 za mazungumzo. Tulikaa muda wa saa nne. Kijana anachora duara, anafuta, anaita bosi wake, bosi anakuja na bei mpya ya leo tu. Mayai yalishapoa, mume wangu anatafuta kiatu chini ya meza ili tuondoke. Na bei ya leo tu, niliisikia tena wiki iliyofuata kwa jirani yangu.

Ukishatia saini kwa kuchoka, sikiliza, hili ni la Kenya. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inazitaja nyumba za zamu kwa jina lake, na inakupa siku 10 tangu upokee nakala ya mkataba, ujitoe bila kutoa sababu yoyote. Kwa hiyo nakala uidai pale pale, na kujitoa ujitoe kwa maandishi. Nchi za Umoja wa Ulaya wao wana siku 14, na ndani ya siku hizo haruhusiwi mtu kukudai hata arbuni.

Bei sasa, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Mwezi wa tano hivi, bahari imegeuka rangi ya chai kwa maji ya Sabaki, wageni hakuna, mimi nilipanga nyumba ya vyumba viwili kwa Sh 5,000 kwa usiku. Siku saba, 35,000. Ada ya Ami ni 58,000. Kwa hiyo wiki au pointi za msimu wa mvua, hata upewe bure, unalipa zaidi ya mpangaji wa kawaida. Wiki ya 52 inajilipa kwa sababu ni Desemba na kwa sababu Ami hakuinunua. Angeinunua kwa bei ya mezani, sijui angepika pilau ngapi kuirudisha.

Wifi nimemuuliza, ungebadilishana na Ami? Akasema haraka, ndiyo, leo. Ami nimemuuliza, ungechukua pointi? Akauliza zinafunguliwa kwa ufunguo gani. Nikamwambia hazina ufunguo, ni programu ya simu. Akarudi kwenye kahawa yake.

Wiki ijayo nina lile sufuria la umeme mnaloniuliza kila siku, nalipikia maharage mabichi tuone. Kama hujajiunga na chaneli, jiunge, stendi ya kamera inahitaji mguu.

Ngoja, Ami anauliza kitu. Eeh Ami? Krismasi itarudi lini wikini mwako? Subiri, nina kalenda ya simu. Mwaka huu wiki yako inaanza Desemba 26. Umekosa kwa siku moja, Ami, pole. Mwakani, 2027... Jumamosi ya kwanza ni Januari 2... wiki ya 52 inaanza Desemba 25. Siku yenyewe! Lakini ufunguo unatolewa saa kumi jioni, kwa hiyo mwambie yule wa Nakuru chakula cha mchana wale hapa. Mbaazi nitaloweka mimi.